Wengi Wape, Dalili Uulize

Ngamiani, mjini Tanga, nilikokulia, mabishano ya dini yalikuwa na kikomo kinachojulikana. Wazee waliketi barazani baada ya Alasiri, muuza kahawa akapita na kurudi, sauti zikapanda, mpaka mmoja wao atamke: "Hiyo ni kauli ya jumhuri ya wanazuoni." Hapo watu hunyamaza. Jumhuri ni wanazuoni walio wengi, na nani mwenye kifua cha kusimama mbele yao? Wahenga wamekwisha sema, wengi wape.

Baadaye akaja mtu wa pili barazani. Huyu ni kijana, mara nyingi amesoma shule vizuri, ana tafsiri ya Kurani na simu iliyojaa mawaidha. Yeye husema, "Mimi sifuati mtu. Nafuata Kurani na Sunna." Kwake nako mjadala umekwisha, maana anayempinga anaonekana kana kwamba anaipinga Kurani yenyewe.

Nimeishi na watu hao wawili umri wangu wote, na wote wawili ni watu wa kheri. Lakini nimeona jinsi kila mmoja anavyofunga mlango wa elimu kwa namna yake: wa kwanza hataki kujua kwa nini wengi walisema walivyosema, na wa pili hataki kujua kwamba walikuwa na sababu. Nitaeleza ninavyoliona jambo hili kwa kupitia suala moja ambalo nimelishuhudia likiingia majumbani mwa watu, nalo ni talaka tatu kwa kauli moja.

Nilisoma fiqhi kwa maalim mmoja aliyekuwa akidarsisha kati ya Magharibi na Isha. Tulikaa mkekani, kila mmoja na nakala yake ya Abu Shujaa, kile kitabu kidogo ambacho watoto wa pwani wamekisoma kizazi baada ya kizazi wakishamaliza Safina. Maalim alisoma kipande cha Kiarabu, akakitia Kiswahili, akakipigia mfano wa mtaani, kisha akatuuliza. Miwani yake ilikuwa na uzi shingoni, na kila alipotaka tusikilize sana aliivua akaiacha ining'inie kifuani.

Tulipofika mlango wa talaka alisema kwamba mtu akimwambia mkewe "nimekuacha talaka tatu", zote tatu zimepita. Mke hawi halali kwake tena mpaka aolewe na mume mwingine ndoa ya kweli, kisha aachwe au afiwe, na amalize eda. "Hayo ndiyo madhehebu yetu ya Shafi," akasema, "na ndiyo kauli ya Abu Hanifa, na Malik, na Ahmad." Mwenzetu mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Maalim, na dalili yake?" Wengine tuliinamisha vichwa, kwa sababu kwa baadhi ya walimu swali hilo lilihesabiwa utovu wa adabu. Maalim akaivua miwani. "Kesho nitakuleteeni dalili yake," akasema, "na dalili ya wanaoipinga. Asiyeijua ya pili hajaijua ya kwanza."

Kesho yake alikuja na juzuu ya Sahihi Muslim, vipande vya gazeti vimechomekwa kwenye kurasa. Alitusomea hadithi ambayo Tawus aliipokea kutoka kwa Ibn Abbas: kwamba zama za Mtume (s.a.w.), na zama za Abu Bakr, na miaka miwili ya mwanzo ya ukhalifa wa Umar, talaka tatu zilikuwa zikihesabiwa moja. Kisha Umar akaona watu wanalifanyia haraka jambo ambalo walipewa nafasi ya kulitafakari, akazipitisha zote tatu juu yao.

Nakumbuka tulivyotazamana. Hadithi iko ndani ya Sahihi Muslim, na maimamu wanne wamesema kinyume chake? Yule kijana wa "nafuata Kurani na Sunna" angesimama hapohapo, akafunga kitabu, akaenda kutoa fatwa. Maalim alituketisha, akaanza kutupa hoja za jumhuri moja baada ya nyingine. Umar aliyafanya hayo mbele ya Masahaba, nao hawakumkatalia. Ibn Abbas mwenyewe, mpokezi wa hadithi, imepokewa kwamba alipoulizwa na watu waliotamka tatu aliwajibu kuwa wake zao wamekwisha watoka. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliisherehesha hadithi hiyo kwa kusema kwamba watu wa mwanzo walikuwa wakirudiarudia neno la talaka kwa kulitilia mkazo, wakikusudia moja. Watu wa baadaye wakawa wanakusudia tatu hasa, ndipo wakahukumiwa kwa makusudio yao. Na Imam Shafi alitazama kisa cha Uwaymir, aliyetamka talaka tatu mbele ya Mtume baada ya kulaaniana na mkewe, wala Mtume hakumkemea.

Kisha akageukia upande wa pili kwa uaminifu uleule. Sura ya al-Baqara, aya ya 229, imeipanga talaka mara baada ya mara, ili kila moja iwe na muda wake wa kurejeana. Iko hadithi ya Rukana, aliyemwacha mkewe tatu katika kikao kimoja akahuzunika sana, na katika moja ya mapokezi yake Mtume alimwambia ni moja tu, amrejee akitaka. Wapo waliosema kwamba Umar alichukua hatua ya kiongozi anayetia watu adabu, na hatua ya namna hiyo hutazamwa pamoja na zama zake. Alipomaliza, ungedhani amezitetea kauli zote mbili kwa moyo mmoja, ingawa sote tulijua kwamba yeye hufutu kwa madhehebu yake.

Darsa ile ndiyo iliyonifundisha kwamba kauli ya jumhuri ina mwili na mifupa. Ina watu walioifikia kwa kuzisoma hadithi zilezile tunazozisoma sisi, wakazipima, wakaziweka pamoja na nyingine ambazo sisi hatujazisikia. Anayeipinga kwa hadithi moja aliyokutana nayo jioni hii anapaswa kwanza kujiuliza: je, Nawawi hakuijua? Aliijua, akaisherehesha. Kumpinga Nawawi kunawezekana. Kumpinga bila kujua alisema nini ni ujasiri usio na elimu ndani yake.

Haikupita muda mrefu suala likatoka kitabuni likaja mtaani. Jirani yetu mmoja, fundi wa magari, alikosana na mkewe usiku, na asubuhi akamkabidhi karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto wao. Niliiona karatasi ile. Mistari ya bluu, jedwali la kuzidisha upande wa nyuma, na upande wa mbele maneno yameandikwa kwa herufi kubwa: mimi fulani bin fulani nimemwacha mke wangu talaka tatu. Mke alikunja nguo zake akarudi kwao na watoto. Hasira ilipomtoka, mume akaanza kuhangaika.

Shehe wa kwanza alimwambia imekwisha, hakuna la kuzungumza, hiyo ni jumhuri. Hakumwuliza lolote. Wa pili, kijana aliyerudi masomoni ng'ambo, alimwambia ni moja, mrejee leoleo, jumhuri si hoja. Naye hakumwuliza lolote. Wa tatu alikuwa mtu wa barazani tu, akajitolea kutafuta mwanamume wa kumwoa yule mama usiku mmoja na kumwacha asubuhi kwa malipo. Maalim aliposikia hilo la muhalili nilimwona akitetemeka kwa hasira. Mtume amemlaani muhalili na anayehalalishiwa, akasema, na hapa watu wanataka kumfanyia haya mwanamke mwenye watoto, kisha wayaite sheria.

Yule fundi alikuja kwa Maalim baada ya Isha, nasi tuliokuwa tukikusanya vitabu tukasikia. Maalim alimwuliza maswali mengi. Uliandika mwenyewe au uliandikiwa? Ulipoandika ulikusudia kuacha, au kutisha? Maana kwa Mashafi maandishi ya talaka huangaliwa nia. Mkeo alikuwa katika hali gani, hedhini au tohara? Ulitamka kwa mdomo? Fundi alijibu kwa unyoofu kwamba alikusudia, na alikusudia tatu. Maalim akanyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Mwanangu, kwa niliyosomeshwa na ninayoyaitakidi, mkeo amekutoka. Sitakuficha kwamba kuna kauli nyingine, na ina wenyewe. Usiichukue kwa anayekuonea huruma. Iendee kwa mzee aliyeisoma akaikubali kwa dalili, mweleze kama ulivyonieleza mimi, usipunguze neno. Na kabla ya hapo, umemwuliza mama watoto anataka nini?"

Hakuwa amemwuliza. Hakuna hata mmoja katika wote walioshauriana juu ya ndoa ile aliyekuwa amemwuliza. Alipoulizwa, alisema anataka kurudi na watoto wake kwa mumewe, ila hataki tena kuandikiwa karatasi. Wakaenda kwa mwanazuoni mmoja mzee, mtu wa miaka mingi ya kitabu, naye akawasikiliza wote wawili, akaihesabu talaka moja, na mume akamrejea mkewe ndani ya eda. Baadhi ya wanafunzi tulimwendea Maalim kumwuliza kama ndoa ile ni sahihi. Alitukumbusha kanuni ya mafakihi kwamba ijtihadi, yaani juhudi ya mwanazuoni ya kutoa hukumu, haivunjwi kwa ijtihadi nyingine, kisha akatuambia tukawasalimie na tusiwaingilie nyumba yao.

Miaka ilipita, na talaka ileile ikanijia tena, safari hii ndani ya ukoo wangu. Binti wa shangazi yangu alikuwa ameolewa na mwanamume mkali wa mkono. Siku moja alimtamkia talaka tatu mbele ya majirani, kwa sauti ya kutosha kusikika nyumba ya tatu. Dada yangu huyo, Mungu anisamehe kwa kulisema, alishukuru. Alikusanya vitu vyake akaenda kwa mama yake kukaa eda. Wiki kadhaa baadaye mume akaja na simu mkononi. Amemsikia mhubiri akisema talaka tatu ni moja, kwa hivyo ni mke wake bado, na anamrejea. Maisha yake yote alijiita Shafi na akawacheka waliomaliza sala ya Alfajiri bila kunuti. Siku ile tu ndipo alipokuwa mtu wa dalili.

Shangazi aliniita kwa sababu nilikuwa na sifa ya kusoma. "Wewe umekaa na vitabu," akaniambia, "niambie kama mwanangu anarudishwa kupigwa." Hapo nilielewa jambo ambalo darsani halikunijia. Kauli ya talaka moja, ambayo kwa fundi wetu ilikuwa rehema, kwa binti huyu ilikuwa pingu, kwa sababu mume katika talaka rejea humrejea mke ndani ya eda bila kuhitaji ridhaa yake. Na kauli ya jumhuri, ambayo kwa yule mama wa kwanza ilikuwa msiba, kwa huyu wa pili ilikuwa mlango wa kutokea. Nikamkumbuka Umar. Aliposhikilia watu maneno yao, aliwashikilia wanaume waliokuwa wakilichezea neno zito. Aliona kitu ambacho anayesoma hadithi tu bila kuwatazama watu hawezi kukiona.

Nilimwambia shangazi kwamba aliyetamka kwa kuitakidi kuwa ni tatu, katika madhehebu anayoyafuata, hana ruhusa ya kuhama madhehebu kwa ajili ya matamanio baada ya tendo. Wanazuoni wa madhehebu mbalimbali wamekemea kufuatilia rukhsa, yaani kuzunguka kutafuta fatwa nyepesi kila inapokufaa. Pia nilimwambia kwamba hata ingehesabiwa moja, mwanamke anayepigwa ana haki yake ya kudai kutolewa, na aya zinazompa mume nafasi ya kurejea zinamtaka arejee kwa wema na zinamkataza kumshika mke kwa kumdhuru. Wazee walikaa, mashehe wakasikilizwa, na mwishowe shauri likapita baraza la usuluhishi na mahakama kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka. Ndoa ilivunjwa.

Visa hivi viwili vimenifanya nisiweze tena kusema "fuata jumhuri" au "acha jumhuri" kama wito wa jumla. Nimejifunza mambo kadhaa ambayo napenda msomaji ayapime.

La kwanza ni kwamba jumhuri si ijmaa, na watu wetu huchanganya. Ijmaa ni makubaliano ya wanazuoni wote wa zama fulani, nayo ni hoja katika misingi ya fiqhi. Jumhuri ni wingi, na wingi unaacha upande mwingine ukiwa hai. Imam Ahmad bin Hanbal amepokewa akiwaonya wanaokimbilia kudai ijmaa, kwa kuwa huenda watu walihitilafiana wala mdai hana habari. Kwa upande wa pili, vijana hupenda kuitaja ile aya ya Suratul An'am inayotahadharisha kuwatii wengi wa walio ardhini. Aya hiyo inazungumzia washirikina wanaofuata dhana. Kuitumia dhidi ya Abu Hanifa, Malik, Shafi na Ahmad ni kuwaonea watu waliotumia umri wao kuihudumia Kurani hiyohiyo.

La pili ni kwamba sisi wenyewe wa pwani, tunaosema jumhuri jumhuri, hatuifuati kila mahali. Madhehebu yetu ya Shafi yameiacha katika masuala yanayojulikana na kila mtoto wa chuo. Kwetu kumgusa mwanamke asiye maharimu hutengua udhu hata bila matamanio. Wahanafi hawaoni hivyo, na Wamaliki na Wahanbali huangalia matamanio. Maalim alipokuwa akiwafunza mahujaji wa mtaani kwetu, aliwaambia wasihangaike kwenye msongamano wa tawafu, wafuate kauli ya wengine, maana dini ni pana. Na mwezi je? Kila Ramadhani tunagombana. Kauli mashuhuri ya Wahanafi, Wamaliki na Wahanbali ni kwamba mwezi ukionekana nchi moja huwafunga wengine. Mashafi wamezingatia tofauti ya matlai, yaani mahali mwezi unapochomoza, wakishika kisa cha Kuraib aliyetoka Sham, na Ibn Abbas akakataa kufuata mwandamo wa Sham akiwa Madina. Anayefunga kwa mwezi wa kwao Tanga, Lamu au Unguja kwa kauli hiyo ameiacha jumhuri, naye ni Mwislamu aliyeshika dalili yake. Basi akimwona mwenzake ameiacha jumhuri mahali pengine kwa dalili, amvumilie kama yeye anavyopenda kuvumiliwa.

La tatu ni kwamba waliofungua mlango wa rai huru walikuwa watu walioyameza madhehebu kwanza. Imam Shafi mwenyewe alibadili kauli zake nyingi alipohamia Misri, mpaka Mashafi wana kauli kongwe na kauli mpya. Mwanafunzi wake al-Muzani, katika mukhtasari wa elimu ya mwalimu wake, ameanza kwa kueleza kwamba Shafi alikataza watu wamfuate yeye au mwingine kwa upofu. Hayo yameandikwa mlangoni mwa madhehebu yetu, na wengi tumepita bila kuyasoma. Ibn Rushd, kadhi wa Cordoba na Mmaliki, aliyefariki mwaka 1198, aliandika juu ya talaka tatu kwamba jumhuri ni kana kwamba wameelemea ukali ili kuziba njia ya uharibifu, lakini kwa kufanya hivyo ruhusa na upole uliokusudiwa na sharia unapotea. Alisema hayo kwa adabu, baada ya kuzipanga hoja za kila upande.

Ibn Taymiyya, Mhanbali wa Damascus, aliyezaliwa 1263 na kufariki 1328, alifutu kwamba tatu za kauli moja ni moja, akapambana na wanazuoni wa mji wake. Mwaka 1320 alifungwa katika ngome ya Damascus kwa ajili ya fatwa zake za talaka, hasa juu ya kiapo cha talaka. Mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim aliibeba rai hiyo baada yake. Kwa karne nyingi ilibaki ni rai ya wachache. Kisha mwaka 1929 Misri, nchi ya Azhar, ikaiingiza katika sheria yake ya talaka, na baadaye Syria na Morocco zikafuata mkondo huo. Saudia nako, mwaka 1973, baraza la wanazuoni wakuu lilipolijadili suala hili, wengi wao waliamua kwamba tatu ni tatu. Sheikh Ibn Baz alikuwa miongoni mwa waliohitilafiana nao, akaendelea kufutu kwamba ni moja. Hakuna aliyetoka katika dini. Waliketi meza moja, wakaandika hitilafu yao, wakasali pamoja.

Kwetu Afrika Mashariki tunaye Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Aliandika kwa Kiswahili ili mtu wa kawaida apate hoja na dalili kwa lugha yake, na alikemea mazoea ambayo watu waliyadhani ni dini. Lakini kabla ya kukemea alikuwa amekaa chini ya Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir huko Unguja, akasoma kama wanavyosoma wote. Mwanafunzi wake Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Kurani ilitoka mwaka 1969, alipita njia hiyohiyo. Vijana wanaopenda kuwataja mabwana hawa kama mashujaa wa rai huru waige na miaka yao ya kukaa mkekani.

La nne ni kwamba ujira wa ijtihadi una sharti. Mtume ametupa bishara kwamba hakimu akijitahidi akapata ana ujira mara mbili, na akikosea ana mmoja. Watu huisikia nusu ya pili wakaona kila mtu yuko salama. Aliyebashiriwa ni hakimu, mwenye zana za kuhukumu. Mtu asiyejua lugha ya aya, wala hadithi nyingine zilizopokewa katika suala lile, wala namna Masahaba walivyolielewa, hajajitahidi, amebahatisha. Huyo kazi yake ni kuuliza, na Kurani imetuamuru kuwauliza wenye elimu. Kuuliza nako ni kazi ya akili: kumchagua wa kumwuliza, kumweleza kisa bila kukipunguza, kumtaka dalili kwa adabu, na kuikubali fatwa hata isipokupendeza.

Na Masahaba wametuonyesha jinsi ya kuhitilafiana. Mwaka wa 5 wa Hijra Mtume aliwatuma waende kwa Bani Quraidha, akawaambia wasisali Alasiri ila huko. Wakati ukawafika njiani. Baadhi wakasali njiani, wakisema alichokusudia ni waharakishe. Wengine wakashika tamko, wakachelewesha mpaka wafike. Alipoelezwa, hakulaumu kundi lolote. Wale walioshika tamko na wale walioangalia makusudio waliendelea kusali nyuma ya Mtume mmoja. Leo misikiti inagawanyika kwa jambo dogo kuliko hilo, na watoto wetu wanaona.

Kwa hiyo nina maombi kwa watu watatu. Kwa maalim na mashehe: tusomesheni hitilafu pamoja na kauli mnayoifuata. Mwanafunzi aliyezisikia dalili za pande zote mbili hatapotezwa na mhubiri wa simuni, na hatamdharau imamu wake. Na mnapoletewa kisa, ulizeni kwanza, mumwite na mwanamke naye aseme, kwa sababu fatwa inaishi nyumbani mwake kuliko inavyoishi kitabuni.

Kwa kijana wa "sifuati mtu": bidii yako ni neema. Ipe miaka. Kabla hujasema jumhuri wamekosea, uweze kueleza hoja yao mpaka mwenyewe mwenye hoja hiyo akubali kwamba umeieleza sawasawa. Ukishaweza hilo, sema rai yako, nasi tutakusikiliza.

Na kwa mwanamume mwenye mke na hasira: wanazuoni wamehitilafiana juu ya tatu, lakini hawakuhitilafiana kwamba talaka moja, katika tohara ambayo hamkuingiliana, kisha mke akae eda nyumbani kwake, ni talaka ya Sunna. Jifunze hukumu hiyo leo ukiwa mtulivu, kwa mwalimu unayemwamini. Ikibidi kuacha, acha moja. Kwa moja hiyo hutahitaji kuzunguka mji mzima ukitafuta ni nani aliyehitilafiana na jumhuri.